Amefunga Zote

Walikuja Alhamisi baada ya adhuhuri, mama na binti yake, saa ambayo mtaa mzima wa Ngamiani umejilaza kwa joto na mimi nimeegemea cherehani nikipulizwa na feni inayokoroma. Walitaka gauni la harusi. Kitambaa walikuja nacho, picha ya mshono ilikuwa kwenye simu ya mama, bei tukavutana kidogo tukakubaliana. Binti, wa miaka kumi na saba hivi, alivaa baibui na juu yake sweta.

Sweta. Tanga. Saa nane mchana.

Nilimwingiza nyuma ya pazia nimpime. Alipovua nikamshika mkono kumgeuza, na mkono ule ulikuwa wa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji. Malaika ya mkononi yalikuwa mengi, marefu, laini kama ya mtoto mchanga. Huku nje ya pazia mama yake ananipigia soga.

"Huyu mwaka huu amefunga zote, fundi. Zote! Na sita za Shawwali kashazimaliza. Sasa kahamia Jumatatu na Alhamisi. Mimi mamake naona haya."

"Mashaallah," nikasema.

Binti hakutia neno. Macho yake yalikuwa kwenye futi kamba iliyomzunguka kiunoni. "Ngapi?" akaniuliza kwa sauti ya chini. Nikamtajia. Nikaona mabega yake yakishuka taratibu, kama mtu aliyesomewa jina lake kwenye orodha ya waliofaulu.

Wakalipa nusu, wakaaga, wakaenda zao. Ni wiki tatu sasa. Gauni nimeshalikata na kulishona, na kila nikikanyaga pedali nasikia sauti yangu mwenyewe ikisema mashaallah.

## Hesabu wanayoijua wanawake

Nitasema wazi, maana wanaume nao wanasoma hapa.

Mwanamke akiwa kwenye siku zake hafungi. Msichana wa umri ule, mwenye afya yake, ndani ya mwezi mzima wa Ramadhani anatarajiwa apate siku kadhaa za kula mchana na deni la kulipa baadaye. Kwenye nyumba ya wanawake wengi deni hilo halifichiki. Kuna anayekunywa chai jikoni amegeukia ukuta, kuna anayeonja chumvi mara kumi, na watoto wadogo wanaouliza maswali wanafukuzwa wakacheze nje. Sasa mtu afunge mwezi mzima, ale Idd, aunge na sita bila kukatika hata siku moja. Mama yule alikuwa ananihesabia hizo siku kwa furaha, na mimi mwanamke mwenzake nikazipokea kwa furaha.

Sisemi kila aliyeruka mwezi mmoja ni mgonjwa. Wapo ambao siku zao hazina mpangilio tangu wavunje ungo. Wapo wanaomeza vidonge kuzuia ili wasikose kumi la mwisho. Jambo moja peke yake halisemi kitu. Lakini sweta, na ule mkono, na yale malaika, na yale macho kwenye futi kamba? Nilikuwa nimeviona vyote kabla, kwa mgonjwa wa anoreksia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ajinyime chakula. Miaka miwili nyuma, nyumbani kwetu, nikashindwa kuvitambua kimoja baada ya kingine.

## Mwana

Dada yangu mkubwa ana binti ambaye hapa nitamwita Mwana, kama bibi yake anavyomwita. Ameniruhusu kuandika habari zake kwa sharti moja: nisiweke namba. Nisitaje uzito, nisitaje kiuno, nisiseme alikuwa anakula kiasi gani. "Mama mdogo, mwenye ugonjwa wangu akiziona namba hizo haogopi. Anashindana nazo."

Kwa hiyo daftari langu la vipimo, lenye kurasa tatu za Mwana za mwaka ule, litabaki limefungwa. Nitasema tu kwamba nilimshonea gauni la mahafali ya kidato cha sita. Nikalipunguza pembeni. Nikalipunguza tena. Mara ya tatu nikamwambia bora tufumue tuanze upya. Na mara zote tatu nilicheka, nikamwambia umependeza, umekuwa modo kabisa. Ushahidi ulikuwa mkononi mwangu, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nami nikausifia.

Tulisifu mengi mwaka ule. Mwana alianza kupika kila siku, bila kutumwa. Mihogo ya nazi, tambi, kalimati, vitumbua; akiona pishi mpya kwenye simu, jioni tunaila. Alipakua, alizunguka na sahani, aliinuka kuleta maji, aliinuka kuleta pilipili, aliinuka kumfungulia mlango asiyebisha hodi. Shangazi zake wakasema mtoto ana adabu, hali mpaka wakubwa washibe. Alianza kutembea kwa miguu mpaka Raskazone na kurudi kila jioni, mvua au jua. Tukasema ana bidii ya mazoezi, si kama sisi tulioota mizizi kwenye viti. Alikataa soda. Alikataa nyama. Akaacha sukari kwenye chai, na mama yake, ambaye ana mama mwenye kisukari, akamshukuru Mungu.

Na alifunga. Ramadhani yote, sita zote, kisha Jumatatu na Alhamisi. Kisha siku za katikati.

Kila dalili ilipiga hodi ikiwa imevaa nguo ya heshima, tukaikaribisha sebuleni.

Nimewahi kumuuliza, siku moja akiwa ameshapata nafuu, kama ile ibada ilikuwa ya uongo. Niliuliza vibaya, nakiri. Alikaa kimya mpaka nikadhani hatojibu. "Nilikuwa namwogopa Mungu kweli," akasema. "Na nilikuwa nakiogopa chakula kweli. Vyote viwili. Ila swaumu ndiyo ilikuwa mahali pekee ambapo hakuna mtu wa kuniuliza."

Hilo bado linanichoma. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kujificha ndani ya jambo ambalo yeye mwenyewe analipenda.

## Hamu ilikuwepo

Zahanati ya kwanza tuliyokwenda walimpa dawa ya maji ya kuongeza hamu ya kula, na vitamini. Dada aliinunua kwa imani zote. Chupa ikaisha, ikaja ya pili.

Kasoro ni kwamba hamu haikuwa imepotea. Hata jina la kitabibu linapotosha: anoreksia, kwa asili yake ya Kigiriki, maana yake ni kukosa hamu ya kula. Lilibandikwa mwaka 1873 na daktari William Gull wa London, mwaka uleule ambao daktari Mfaransa, Charles Lasègue, alieleza ugonjwa huohuo Paris. Jina likashika, likaendelea kudanganya watu mpaka likafika Tanga. Mwana alikuwa na njaa kuliko sisi wote. Alilala nayo, akaota mikate, akaamka kutupikia.

Daktari aliyekuja kutusaidia baadaye alinisimulia habari moja ambayo nilikwenda kuisoma mwenyewe usiku, simu ikiwa kwenye chaji. Mwishoni mwa 1944, Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani kiliwachukua vijana wa kiume 36, wenye afya, waliokataa kushika silaha vitani na wakajitolea kufanyiwa utafiti wa njaa. Mtafiti aliitwa Ancel Keys. Miezi sita ya 1945 walipunguziwa chakula mpaka wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Hawakuwa na ugonjwa wowote wa akili walipoanza. Lakini wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi. Wakachukua saa nzima kumaliza sahani moja, wakikata vipande vidogo na kuvichezea. Wakasikia baridi kiangazi, wakaomba blanketi. Wakawa wakali, wapweke, wasiocheka. Baadhi yao baada ya utafiti walitaka kuwa wapishi.

Nilisoma hapo nikaweka simu chini. Kukata vipande. Baridi. Mapishi. Ukali, maana Mwana, mtoto mpole kuliko wote, alikuwa amefikia kumfokea mdogo wake kwa sababu ya kijiko kilichohamishwa.

Tulidhani ni tabia mpya ya binti aliyekua. Kumbe njaa yenyewe ndiyo iliyokuwa inasema kwa kinywa chake.

## Kukonda kwetu

Mtu akikonda kwetu, watu hawakosi maelezo. Wanayo mengi mno.

Jirani wa kwanza alisema ana ngoma. Hakusema kwa sauti. Alisema kwa kuacha kuchukua kalimati zetu. Mwingine akasema ni minyoo. Fundi mwenzangu akasema kuna jini mahaba, na siku mbili baadaye dada akarudi na kombe la zafarani, aya zilizoandikwa zikaoshwa kwa maji ya kunywa, ndani ya chupa. Mwana akalinywa bila ubishi. Na ile habari ya siku zake kukatika ilipomfikia dada hatimaye, hakuwaza njaa. Alikwenda duka la dawa akanunua kipimo cha mimba, akamsimamisha mtoto mlangoni mwa choo.

Hakuna mimba. Malaria hakuna, taifodi hakuna, VVU hakuna, sukari iko sawa. Mwana mwenyewe alishika jibu lililokuwa linafaa kila mtu: vidonda vya tumbo. Nani atabishana na vidonda vya tumbo? Nusu ya mtaa tunavyo.

Na mimi, nilipolisikia kwa mara ya kwanza neno la ugonjwa wenyewe, nilisema: hayo ni mambo ya Wazungu. Huku kwetu mtu akiwa na chakula anakula. Sisi ndio tunaosifia mwili, tunaomwambia mtu umenawiri, umejaa, ndoa imekukubali. Ugonjwa wa kuogopa kunenepa utamuingia vipi mtu wa mahali ambapo kunenepa ni sifa?

Daktari hakunibishia, alinipa mifano miwili tu. Wa kwanza ni Fiji, visiwa ambavyo mwili mkubwa ulikuwa ndio uzuri. Mwaka 1995 televisheni ilifika katika mkoa mmoja wa huko, na mtafiti Anne Becker akawauliza wasichana wa shule maswali. Wakati huo hakupatikana hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Alipouliza tena 1998, walikuwa asilimia 11.3. Miaka mitatu. Nikafikiria simu niliyomnunulia Mwana mwenyewe, zawadi ya kufaulu kidato cha nne.

Wa pili ulinigusa zaidi. Ghana, shule za sekondari kaskazini mashariki mwa nchi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Walipimwa wanafunzi 668. Kumi kati yao walikuwa wamekonda vibaya na sababu pekee iliyoonekana ni kujinyima wenyewe. Hawakusema wanataka kuwa wembamba. Hawakulalamikia umbo. Walizungumza kuhusu imani, kufunga na kujizuia, na kwao ilikuwa jambo jema.

Kumbe si lazima ugonjwa upitie kwenye picha za mamodo. Unaweza kupitia popote palipo na sifa ya kujizuia, na kwetu pwani palipo na sifa hiyo tunapajua.

## Alipoinuka kutoka sijida

Siku iliyotuvunja ilikuwa ya kawaida. Tunasali magharibi nyumbani kwa dada, wanawake mstari mmoja, Mwana kulia kwangu. Tunapoinuka kutoka sijida nikaona mkono wake unatafuta ukuta. Rakaa ya pili hivyohivyo. Rakaa ya tatu hakuinuka.

Hospitali ya mkoa, zamu ya usiku, muuguzi wa makamo akamshika kiganja kuhesabu mapigo. Akahesabu, akaangalia saa ya ukutani, akahesabu tena. Akatoka bila kusema, akarudi na daktari. Moyo ulikuwa unakwenda polepole mno. Dada, maskini, akasema huwa anafanya mazoezi sana, ana moyo wa mwanariadha. Daktari akamtazama kwa upole akasema, mama, moyo nao ni msuli. Mwili ukikosa chakula unajila wenyewe, na moyo haubagui.

Kisha akatuomba tutoke nje.

Hilo ndilo jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Kote tulikopita, kila swali alilouliza mganga, lilijibiwa na dada au na mimi. Anakula? Anakula, anapika mwenyewe. Analala? Analala. Mwana alikuwa anakaa katikati yetu kama mzigo tulioubeba. Usiku ule kwa mara ya kwanza mtu alimuuliza yeye, peke yake, na swali halikuwa kwa nini huli. Muuguzi aliniambia baadaye alichomuuliza: "Kwa siku nzima, muda gani unakuwa huwazi chakula?"

Mwana alilia, akasema hakuna.

## Hotpoti

Asubuhi dada alifika wodini na hotpoti mbili. Wali wa nazi, kuku wa kupaka, na juisi ya embe. Alikuwa amekesha akipika. Muuguzi akamzuia mlangoni, na ugomvi uliozuka pale sitausahau: mtoto wangu anakufa njaa na wewe unamzuia kula!

Lakini muuguzi alikuwa sahihi, na nalieleza hapa kwa sababu kila familia ya Kiswahili ingefanya kama dada. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukishindiliwa chakula ghafla, madini ya damu, fosfeti hasa, yanashuka kwa kasi, na moyo unaweza kusimama. Madaktari waliliona wazi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa wafungwa waliotoka kambini wakiwa mifupa, wakapewa chakula kwa huruma, wakafa na shibe yao. Kwa hiyo wanaanza kidogo, wanapima damu, wanaongeza. Hotpoti tulikula sisi na wauguzi, na dada alilia kwenye kila tonge.

Anoreksia ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi. Wengine huuawa na moyo, wengine hujiua. Mwimbaji Karen Carpenter wa Marekani alikufa Februari 1983 akiwa na miaka 32, moyo ulisimama, na hapo ndipo watu wengi duniani waliposikia kwa mara ya kwanza kwamba kujinyima kula ni ugonjwa. Sisi tulikuwa tumeusikia miaka arobaini baadaye, kwenye benchi la wodi.

## Neno "umenawiri"

Kupona hakukuwa na siku maalumu. Kwa miezi mingi dada ndiye aliyepakua, na dada ndiye aliyekaa naye mpaka sahani iishe. Hakugombeza, hakubembeleza kupita kiasi. Ndivyo daktari alivyoagiza: nyumba ndiyo iwe hospitali, mzazi ndiye ashike mwiko, mgonjwa asiachiwe kazi ya kuamua, kwa sababu kuamua ndiko kulikoharibika. Alikuja pia mtaalamu wa kuzungumza naye kila wiki. Zipo siku Mwana alitupa sahani. Zipo siku dada alinipigia simu yuko chooni, amefungulia bomba ili asisikike akilia.

Ramadhani iliyofuata aliambiwa asifunge. Hapo tulidhani ndipo vita itakapoanza upya, na kweli alikataa, mpaka sheikh wa msikiti wetu alipokuja nyumbani, akakaa ukumbini, akamsomea aya ya mgonjwa na msafiri katika Suratul Baqara, ile inayosema atakamilisha hesabu katika siku nyingine. Akamwambia ruhusa ya Mungu nayo ni ibada. Lakini nadhani aliyemwokoa hasa mwezi ule ni bibi yake, mwenye kisukari, ambaye hafungi miaka sasa. Bibi alimwita saa saba kila mchana: "Njoo mgonjwa mwenzangu, tule kabla hawajatuonea wivu." Wawili wale nyuma ya pazia la jikoni, na kicheko chao tukikisikia sisi wenye midomo mikavu.

Kosa langu kubwa lilikuja wakati tayari nadhani nimejifunza. Mwana alirudi dukani kwangu baada ya miezi, uso umerudi, macho yana mwanga. Nikamkumbatia kwa furaha yote. "Mwanangu! Umenawiri!"

Siku mbili hakula.

"Ukisema nimenawiri," alinieleza baadaye, "sauti ya kichwani inatafsiri: umenenepa." Nikakaa na hilo neno. Zuri kiasi gani, la kwetu kiasi gani, na linavyoweza kukata. Tangu hapo nikimwona nasema nimefurahi umekuja. Mwanzoni nilijiona kama mgeni wa lugha yangu mwenyewe.

## Wasiokonda

Ningekuwa mwongo nikiacha msomaji adhani wote hukonda. Nilipokuwa bweni, miaka mingi iliyopita, tulikuwa na mwenzetu aliyekuwa na mwili wa kawaida kabisa. Kila baada ya mlo alikwenda chooni akimwaga ndoo za maji kwa kelele. Mashavu yake yalivimba chini ya masikio kama mwenye matubwitubwi, meno yakaanza kumong'onyoka, na juu ya vifundo vya vidole vya mkono wa kulia alikuwa na sugu. Matron alidhani ana mimba. Sisi tulidhani anaiba vyakula vya wenzake usiku, na kweli alikuwa anaiba, anakula vingi kwa mkupuo, kisha zile ndoo.

Ile sugu ina jina lake vitabuni, inaitwa alama ya Russell, kwa daktari Gerald Russell wa London aliyeieleza bulimia, yaani ugonjwa wa kula kwa mkupuo kisha kujitapisha, mwaka 1979. Husababishwa na meno, vidole vikiingizwa kooni mara kwa mara. Mwenzetu alifukuzwa shule kwa wizi. Sijui alipo. Na wavulana nao wanaugua, tusijidanganye. Ni vile wao tunawaambia wako jimu.

## Pindo

Sasa turudi kwa gauni lililoko kwenye hanga.

Nimejiuliza mara ngapi: mimi ni nani? Fundi. Mtu analeta kitambaa, napima, nashona, nalipwa. Mama yule anajivunia mtoto wake kwa jambo ambalo lolote nitakalosema litasikika kama nalitukana. Nikikosea, nitakuwa nimemsingizia mtoto mcha Mungu ugonjwa wa akili, na mtaa huu hausahau. Nikiwa sahihi, atakasirika vilevile. Dada yangu angekasirika. Mtu angeniambia mimi mwaka ule, ningemwambia ana husuda.

Nilimweleza Mwana. Sasa anasoma chuo, akiwa likizo anakuja dukani kunishonea vifungo. Aliweka sindano chini.

"Mama yake usimwambie kwanza. Zungumza na yeye. Peke yenu, na chakula kisiwepo. Usimwambie amekonda, atashukuru. Mwambie ulichokiona tu. Mwambie umeona anasikia baridi."

"Akikataa?"

"Atakataa. Mimi ningekataa." Akachukua sindano yake. "Lakini ningekumbuka kwamba kuna mtu ameona. Halafu baada ya hapo ndiyo umtafute mama yake, umwambie ampeleke akapimwe moyo. Moyo, usianze na akili. Moyo atampeleka."

Jana mama alinipigia kuuliza kama liko tayari, amtume kijana wa bodaboda alichukue. Nikamwambia bado pindo, na pindo la mshono ule halifungwi mpaka mvaaji asimame na viatu vyake. Si kweli. Pindo ningeweza kulimaliza kwa dakika kumi. Akasema basi Jumamosi atamtuma binti mwenyewe, yeye ana kikao cha harusi.

Futi kamba nimeitia kwenye droo, chini ya mabaki ya bitana, nisije nikaivaa shingoni kwa mazoea. Jumamosi pindo nitalikadiria kwa jicho. Stuli mbili nimeziweka nyuma ya pazia. Na gauni, pembeni kwa ndani, kila upande, nimeliachia vidole viwili vya kitambaa, ili siku akihitaji nafasi nifumue tu.